Kadi ya michoro ya kati au ya juu kabisa? Tujadili kabla hela haijatoka

Mleta mada

Wakuu, kila kizazi kipya cha kadi za michoro (GPU, zinazochora picha za gemu kwenye kompyuta) kikitoka swali hili hurudi, na majibu huwa yaleyale. Mmoja anasema chukua ya juu kabisa ukae nayo miaka, mwingine anasema hizo za juu ni kuchoma hela. Nashusha uzi huu kwa sababu wote wawili wanaruka mambo mawili yanayotakiwa kutangulia: una monita gani, na unacheza gemu za aina gani. Mtu akikutajia kadi kabla hajakuuliza hayo mawili, anabahatisha.

Tuanze na monita. Ya 1080p ina pikseli (nukta zinazounda picha) 2,073,600. Ya 1440p ina 3,686,400. Ya 4K ina 8,294,400, yaani mara nne kamili ya 1080p. Kadi ikichora fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazofuatana kwenye skrini, inahangaika na pikseli zote hizo, tena ndani ya muda mfupi mno. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila fremu inapewa milisekunde 16.7. Ukitaka 144, inapewa milisekunde 6.9. Ukitaka 240, zinabaki 4.2 tu. Piga hesabu mwenyewe: anayecheza 4K kwa fremu 144 anaidai kadi yake pikseli karibu mara kumi ya zile anazodai mwenye 1080p kwa fremu 60. Watu hawa wawili wakikaa kubishana kadi ipi ni bora hawatafika popote, maana kila mmoja ana kazi yake tofauti.

Na gemu nazo hazifanani. Valorant na Counter-Strike 2 ni gemu za risasi za ushindani ambazo kadi ya kati inazimudu bila jasho. Sasa nenda kwenye Cyberpunk 2077, washa ile hali iliyoongezwa 2023 ambapo karibu mwanga wote unakokotolewa kwa kufuata miale. RTX 4090, iliyokuwa mfalme wa wakati ule, kwenye 4K tupu bila msaada wowote haikufika hata fremu 30 kwa sekunde. Kadi ileile, kompyuta ileile, gemu mbili, dunia mbili.

Tuje kwenye kadi zenyewe. Kwa kizazi cha 2025, ninaposema kadi ya kati nina maana ya RTX 5060 Ti na RTX 5070 za NVIDIA, na RX 9060 XT na RX 9070 za AMD. Za juu ni RTX 5080 na RTX 5090. RTX 5070 Ti na RX 9070 XT ziko kwenye mpaka, na nitazirudia maana ndipo penye utamu. AMD safari hii hawakutoa kadi ya kushindana na 5090, kwa hiyo kileleni NVIDIA wako peke yao, na bei yao inaonyesha hivyo.

Angalieni 5080 na 5090. Ya kwanza ina viini vya CUDA (vitengo vidogo vya kukokotoa) 10,752, memori GB 16, inakula wati 360. Ya pili ina viini 21,760, memori GB 32, wati 575. Bei ya uzinduzi ya 5090 ilikuwa mara mbili ya 5080. Viini mara mbili, memori mara mbili, bei mara mbili. Je, fremu nazo ni mara mbili? Hapana. Kwenye 4K inaizidi kwa takriban nusu. Ukishuka 1440p pengo linapungua zaidi, na kwenye 1080p gemu nyingi haziwezi hata kukuonyesha tofauti, kwa sababu prosesa (chipu kuu ya kompyuta) ndiyo inakuwa imechoka, si kadi.

Hili la prosesa watu wengi wanalipita haraka, kwa hiyo naliweka wazi. Kabla kadi haijachora fremu, prosesa inatakiwa ihesabu nani yuko wapi, risasi imeelekea wapi, adui anafanya nini, kisha iitume kazi kwa kadi. Prosesa yako ikiweza kuandaa fremu 110 kwa sekunde, hata ukifunga 5090 utapata fremu 110. Kadi itakaa inasubiri.

Kuna jaribio rahisi la kujua uko upande gani, na halihitaji kununua kitu. Fungua gemu unayoipenda, washa namba ya fremu pembeni ya skrini, simama sehemu yenye vurugu nyingi. Andika namba. Halafu shusha resolusheni peke yake, mfano kutoka 1080p hadi 720p, usiguse kingine chochote. Urudi palepale. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa inakubana, na kadi mpya itakusaidia. Fremu zikibaki palepale, prosesa ndiyo inakubana, na kadi mpya haitakupa kitu zaidi ya mng'ao na umbo zuri la picha.

Sasa memori. Hapa naomba tuelewane vizuri maana ndipo wanunuzi wa kadi za kati wanapoumizwa.

RTX 5060 Ti inauzwa kwa namna mbili: GB 8 na GB 16. RX 9060 XT vilevile, GB 8 na GB 16. Jina lileile, boksi karibu lilelile, na kwa mtu asiyejua, zinaonekana kadi moja. Mimi naona si haki kabisa kwa mnunuzi. Kadi hizi zina nguvu ya kutosha kucheza gemu mpya kwa mipangilio ya juu, lakini ile ya GB 8 inanyimwa nafasi ya kuweka vitu.

Memori ya kadi ndimo zinamokaa tekscha, yaani zile ngozi za kuta, nguo, nyuso na ardhi. Ikijaa, kadi inaanza kuazima kwenye RAM (memori kuu) ya kompyuta, na njia ya kufika huko ni nyembamba mara nyingi zaidi kuliko njia ya memori yake yenyewe. Unachokiona kwenye skrini ni hiki: unakimbia mtaani ndani ya gemu, kila kitu laini, namba inasema fremu 80. Unakata kona. Picha inaganda kidogo, inaachia, inaganda tena. Ukuta ulio mbele yako umepakwa rangi kama matope, herufi za bango hazisomeki, kisha baada ya sekunde kadhaa ndiyo unajipaka sura yake. Wastani wa fremu unaweza kubaki mzuri tu, ndiyo maana jedwali la wastani halikuambii tatizo hili. Tafuta vipimo vinavyoonyesha asilimia 1 ya fremu za chini kabisa, yaani zile zilizochelewa zaidi. Hapo ndipo mateso yanaonekana.

The Last of Us Part I ilipofika kwenye kompyuta Machi 2023 iliwatesa wenye GB 8 namna hiyohiyo mpaka ikaja kurekebishwa kwa masasisho. Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 nayo inaadhibu memori ndogo vikali ukipandisha tekscha. Halafu kuna jambo la kiufundi: 5060 Ti inatumia njia nane tu za PCIe (muunganisho wa kadi na madabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta) badala ya kumi na sita. Kwenye madabodi mpya haina shida. Kwenye madabodi ya zamani ya PCIe 3.0, ile ya GB 8 ikianza kuazima RAM, inaazima kupitia mlango uliobanwa nusu. Na wenye madabodi za zamani ndio hao hao wanaotafuta kadi ya bei nafuu.

Kwa hiyo msimamo wangu: kwa mtu wa 1080p na 1440p, yaani wengi wetu, kadi ya kati inatosha, mradi iwe na memori ya kutosha. GB 16 kama unaweza, GB 12 kama hela imebana. Kadi mpya ya GB 8 leo simshauri mtu yeyote anayetaka kucheza gemu kubwa za sasa. Kadi ya juu kabisa ni ya mwenye 4K ya kasi, au miwani ya uhalisia pepe yenye pikseli nyingi, au anayetaka kufuata miale kwa ukamilifu. Huyo ananunua kitu anachokitumia kweli, na sina neno naye.

Karibuni.

Mdau wa kwanza

Asante kwa nondo mkuu. Mimi nina monita ya 1080p ya Hz 240, yaani inaonyesha hadi fremu 240 kwa sekunde. Nacheza Counter-Strike 2 na Valorant tu, gemu za hadithi sina muda nazo. Kadi ni RTX 3060, prosesa ni ya zamani ya viini vinne. Fremu zinashuka sana moshi ukitupwa na watu wakijaa. Nilikuwa nimeshaamua kujibana nichukue 5080 nimalize tatizo moja kwa moja. Unanishaurije?

Mleta mada

Mkuu, tulia kwanza na hiyo hela. Fanya lile jaribio la kushusha resolusheni leo, halafu urudi hapa na namba mbili. Usinunue chochote kabla ya hapo.

Mdau wa pili

Mimi naomba nipinge, kwa heshima. Nina RTX 4090 tangu toleo lake la mwanzo, Oktoba 2022. Toka siku ile mpaka 5090 ilipotoka Januari 2025 hapakuwa na kadi ya gemu iliyoipita. Na hata baada ya hapo, 5080 haijaifikia. Niko kwenye 4K ya Hz 120, sijawahi kukaa nikipunguza mipangilio kimoja kimoja kutafuta fremu. Wenzangu walionunua kadi za kati wakati ule wengine wameshabadilisha. Ukigawa bei kwa miaka, mimi sioni kama niliumia. Hoja ya kwamba kadi ya juu ni hasara mnaitoa bila kuangalia muda.

Mleta mada

Hoja nzito hiyo, na nafurahi umeileta wewe uliye na kadi yenyewe. Wewe una 4K ya Hz 120, kwa hiyo uko ndani ya kundi nililosema linaitumia kweli. Lakini hili la kukaa miaka linahitaji kuangaliwa kizazi kwa kizazi, maana historia haina jibu moja.

Mwaka 2018 ilitoka RTX 2080 Ti, GB 11, kadi ya kileleni. Oktoba 2020 ikaja RTX 3070, ikawa inatembea nayo bega kwa bega kwenye gemu nyingi, na bei yake ya uzinduzi ilikuwa chini ya nusu. Aliyenunua 2080 Ti miezi michache kabla ya hapo aliuma meno. Nakumbuka matangazo ya kuuza kadi zile yalivyomiminika. Hiyo ndiyo historia inayotajwa na wanaosema subiri, kadi ya kati ya kesho itaifikia ya juu ya leo.

Lakini tuendelee nayo mpaka mwisho, maana wengi wanaikatiza hapo. 3070 ilikuwa na GB 8. Miaka ilivyosogea na gemu zilivyonenepa, ile 2080 Ti ya zamani yenye GB 11 ilianza kuonekana imetulia kwenye gemu ambazo 3070 inaganda. Nguvu zilikuwa sawa, kilichowatenganisha ni memori. Ndiyo maana kwenye kadi ya kati napiga kelele kuhusu memori kuliko kuhusu viini.

Na kizazi cha sasa hakikurudia muujiza wa 2020. Januari 2025 Jensen Huang, mkuu wa NVIDIA, alisimama jukwaani akasema RTX 5070 ina uwezo wa RTX 4090. Kauli ile ilitegemea fremu zinazotungwa na akili bandia katikati ya fremu halisi. Kwa nguvu yake yenyewe, 5070 iko jirani na RTX 4070 Super, na ina GB 12 dhidi ya GB 24 za kadi yako. Kwa hiyo wewe na 4090 yako mlipata kizazi kizuri. Anayenunua ya juu leo hawezi kuhakikishiwa kwamba naye atapata.

Mdau wa pili

Hapo nakubaliana nawe. Ila naomba ufafanue hizo fremu za kutungwa, maana watu wanazichanganya na ukuzaji wa picha. Kwenye magroup kila kitu kinaitwa DLSS, lile jina la teknolojia ya NVIDIA.

Mleta mada

Ni kweli, na kuchanganya huko kunawauzia watu kadi wasizozihitaji.

Ukuzaji wa picha ni hivi: kadi inachora picha ndogo, kisha programu inaikuza kwa kutumia pia taarifa za fremu zilizopita. Kwenye 4K ukichagua hali ya ubora, kwa ndani kadi inachora 1440p tu. Ukichagua hali ya kasi, inachora 1080p. Kazi inapungua kwelikweli, fremu halisi zinaongezeka, na kidole chako kinahisi gemu limekuwa jepesi. DLSS 4 ya NVIDIA na FSR 4 ya AMD, zote za 2025, zimefika mahali ambapo hali ya ubora kwenye 4K ni vigumu kuitofautisha na picha halisi ukiwa unacheza. Na huu ukuzaji mpya wa DLSS unafanya kazi kwenye kadi zote za RTX hadi zile za 2018. FSR 4 AMD waliitoa kwa ajili ya familia ya RX 9000.

Fremu za kutungwa ni kitu kingine. Hapo kadi ina fremu mbili halisi, inabuni moja au zaidi za kuweka kati. Macho yanaona ulaini, lakini gemu halijibu mikono yako haraka zaidi, maana fremu za kubuni hazijui umebonyeza nini. Tena ili kutunga ya katikati lazima isubiri ile inayofuata, kwa hiyo ucheleweshaji unaongezeka kidogo. Kama una fremu 70 halisi, zikatungwa ukafika 130, raha tupu. Kama una 25 halisi, namba ikapanda hadi 90, utaona ulaini huku gari kwenye kona likikuitikia kwa uzito uleule wa fremu 25. Ndiyo maana nasema, jedwali likikuonyesha fremu 200, uliza kwanza ngapi ni halisi.

Maana yake kwenye mada yetu: ukuzaji wa picha umeivuta kadi ya kati mpaka kwenye mipaka ya 4K. Fremu za kutungwa hazijaigeuza kadi ya kati kuwa ya juu.

Mdau wa tatu

Swali langu ni la hapo mpakani. Nina TV ya 4K ya Hz 60, nakaa kwenye kochi, nacheza kwa kidhibiti gemu za hadithi na magari. Sina haraka ya fremu 144. Kila ninayemuuliza ananiambia 4K ni lazima 5090.

Mleta mada

Si lazima, mkuu. TV yako haionyeshi zaidi ya fremu 60. 5090 ikitoa 130, sabini zinapotea bure, utakuwa umelipia joto tu. Wewe ndiye niliyekuwa nakuwaza niliposema mpakani pana utamu. RX 9070 XT na RTX 5070 Ti zote zina GB 16 na njia ya memori ya biti 256, moja inakula wati 304 na nyingine 300. Kwa 4K ya fremu 60 ukiwa umewasha ukuzaji wa picha kwenye hali ya ubora, gemu nyingi kubwa zitakaa vizuri. Kwa umbali wa kochi, macho hayaoni tofauti ambayo mtu wa monita anaiona akiwa ameinamia meza.

Kuchagua kati ya hizo mbili: ukipenda kufuata miale kwa ukamilifu kwenye gemu kama Alan Wake 2, elekea 5070 Ti, huko bado NVIDIA wako mbele. Kama hilo halikusumbui, 9070 XT kwa gemu za kawaida inaisogelea sana, na kwa kawaida ni nafuu. Kitu kimoja tu: hakikisha kwenye orodha ya gemu zako FSR 4 ipo, maana si kila gemu linayo.

Mdau wa kwanza

Nimerudi. 1080p napata kati ya 135 na 150 moshi ukitupwa. 720p palepale, 138 hadi 151. Haijapanda.

Mleta mada

Umeokoa hela nyingi sana. 3060 yako haina kosa, hapo inakaa inasubiri prosesa. Ukifunga 5080 leo ungekuta 150 yaleyale.

Weka nguvu kwenye prosesa. Kwa gemu za ushindani, zile Ryzen za AMD zenye X3D mwishoni mwa jina ndizo zinazotamba, kwa sababu zimewekewa kashe kubwa ya L3 (memori ya haraka ndani ya prosesa), MB 96 kwa 5800X3D, 7800X3D na 9800X3D. Prosesa haihitaji kwenda RAM kila mara kutafuta taarifa, na gemu hizi zinaishi kwa taarifa ndogondogo nyingi. Angalia kwanza soketi (tundu la prosesa) ya madabodi yako. Kama ni AM4, unaweza kubadilisha prosesa peke yake (kati ya hizo tatu, 5800X3D ndiyo ya AM4) baada ya kusasisha BIOS, programu ya msingi ya madabodi. Kama ni nyingine, itabidi madabodi na RAM vibadilike pia. Hapohapo hakikisha RAM zako ni vijiti viwili, si kimoja, na kwamba zinatembea kwa kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Mara nyingi kasi hiyo huwa haijawashwa kwenye BIOS na mtu anaishi miaka hajui.

Baada ya hapo kadi iache kwanza. Ikibana baadaye, 9060 XT au 5060 Ti ya GB 16 itakutosha kwa 1080p.

Mdau wa nne

Mbona hamjagusa laptopu? Mimi nasafiri, kompyuta ya mezani siwezi kuibeba. Nimeona laptopu yenye RTX 4090 na nyingine yenye RTX 4070. Nikidhani 4090 ni ileile ya mdau hapo juu, nitakuwa nimekosea?

Mleta mada

Si ileile. RTX 4090 ya mezani ina viini 16,384 na GB 24, wati 450. Ya laptopu ina viini 9,728 na GB 16. Hiyo ni chipu ya RTX 4080 ya mezani iliyobandikwa jina la mkubwa wake, na inapewa umeme mdogo zaidi. Ni kadi nzuri ya laptopu, ila jina linapotosha.

Upande wa pili, RTX 4070 ya laptopu ina GB 8, wakati ya mezani ina GB 12. Kwa hiyo yale niliyosema kuhusu memori yanakuhusu moja kwa moja.

Kwenye laptopu kuna namba moja ambayo watengenezaji huificha chini kabisa ya karatasi ya sifa: wati ambazo kadi inaruhusiwa kula. Laptopu mbili zenye kadi ya jina moja zinaweza kutofautiana sana kwa sababu moja inaipa kadi wati 80 na nyingine wati 140. Nyembamba na maridadi mara nyingi ndiyo inayonyima. Tafuta namba hiyo kabla ya kulipa, na tafuta kipimo cha modeli hiyohiyo baada ya nusu saa ya kucheza, si dakika mbili za mwanzo ikiwa bado ya baridi. Kama skrini ya laptopu ni 1440p au 1600p, kadi ya kati yenye wati za kutosha itakupa raha kuliko ya juu iliyokabwa koo.

Mdau wa tano

Mimi nina hela ya kadi ya kati mpya, lakini nimepata RTX 3090 iliyotumika kwa hela hiyohiyo. GB 24! Pawa saplai yangu ni ya wati 650. Monita 1440p. Roho inanituma huko.

Mleta mada

Naelewa kinachokuvuta, GB 24 ni nyingi. Tuipime.

3090 ni ya 2020, inakula wati 350, na ina tabia ya kuruka juu ya hapo kwa sekunde ndogo sana mzigo ukija ghafla. NVIDIA wenyewe walipendekeza pawa saplai ya wati 750 kwa kadi hiyo. Ya wati 650 inaweza kukuzimia kompyuta katikati ya gemu bila onyo. RTX 5070 kwa kulinganisha ni wati 250, na wati 650 ndiyo wanayoipendekeza kwake. Kwa hiyo juu ya bei ya 3090 ongeza pawa saplai. Ongeza pia feni za kasha la kompyuta, maana wati mia za ziada ndani ya chumba kidogo utazisikia mwilini, si kwenye kompyuta tu.

Jambo la pili ni memori yake. 3090 ina chipu za memori pande zote mbili za ubao, na zile za nyuma hupozwa na bamba tu. Kadi nyingi za kizazi kile zilichimba sarafu ya Ethereum usiku na mchana mpaka Septemba 2022 uchimbaji ule ulipokoma. Si kila iliyochimba ni mbovu, lakini pedi za joto (vipande laini vinavyopitisha joto kutoka kwenye chipu) huchoka na memori huchemka. Usinunue bila kuiona inafanya kazi. Mwombe muuzaji aendeshe gemu zito au kipimo kwa nusu saa mbele yako, fungua programu ya HWiNFO inayoonyesha joto la vifaa, soma mstari wa joto la makutano ya memori (Memory Junction). Ikikaa chini ya nyuzi 95 haina tatizo. Ikigota 105 na zaidi huku feni zinalia, ujue kuna kazi ya kuifungua na kubadilisha pedi. Wakati huohuo angalia skrini kama kuna vidoti vya rangi au mistari inayomeremeta. Vikionekana hata mara moja, mrudishie. Angalia tundu za umeme kama kuna plastiki iliyobadilika rangi, na skrubu kama zimeshakwaruzwa.

Kuhusu kazi yenyewe: kwa 1440p, 3090 na kadi mpya ya daraja la 5070 hazipo mbali, 5070 ikiwa mbele kidogo kwenye gemu nyingi. 3090 itapata ukuzaji mpya wa DLSS lakini si fremu za kutungwa za DLSS, maana hizo zilianza na kadi za 4000. GB 24 zitakusaidia ukifanya kazi za 3D au modeli za akili bandia nyumbani. Kwa gemu peke yake kwenye 1440p, hutazijaza.

Na kuna njia ya tatu: RX 9070 ya kawaida, GB 16, wati 220. Pawa saplai yako inaimudu, dhamana unayo, memori inatosha. Kama hela yako inaifikia, mimi ningeelekea huko, na hiyo 3090 ningeichukua tu kama muuzaji amekubali jaribio la nusu saa na bei imeshuka vya kutosha kulipia pawa saplai mpya.

Mdau wa tano

Nimemwandikia muuzaji kuhusu jaribio, amesema haruhusu kadi iwashwe zaidi ya dakika tano.

Mleta mada

Basi achana nayo, mkuu. Dakika tano memori haijapata hata moto.